Brashi za kuchorea picha ndogo

Brashi za kuchorea picha ndogo ni brashi nyembamba zinazotumika kupaka rangi mahali ambapo mstari una upana wa milimita moja au chini yake: jicho la ndege, magamba ya samaki, madoa ya chui, maandishi madogo, au urembo wa ukingoni mwa sahani na kijisanduku. Katika Afrika Mashariki zinatumiwa zaidi na wachoraji wa Tingatinga, wachoraji wa mabango, wapambaji wa vinyago, wanafunzi wa sanaa, na watu wachache wanaopaka rangi mifano midogo ya magari, meli na askari.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ndogo hutaka brashi ndogo kuliko zote dukani. Ukweli ni kwamba kinachochora mstari mwembamba ni ncha. Brashi ya namba 2 yenye ncha kali huchora mstari mwembamba kuliko brashi ya namba 000 iliyochanua, tena huuchora mrefu zaidi kabla ya kurudi kwenye kopo. Ncha hiyo ndiyo sehemu inayoharibika kwanza, na mara nyingi huharibiwa na rangi iliyokauka mahali pasipoonekana. Kwa hiyo kuchagua brashi na kuitunza ni jambo moja: kutafuta ncha nzuri, kisha kuizuia isife.

Sehemu za brashi

Brashi ina sehemu tatu: nywele, pete ya bati na mpini. Neno "nywele" hutumika hata pale ambapo nyuzi zenyewe ni za plastiki.

Nywele za brashi ya mviringo zina ncha, tumbo na kitako. Ncha ni pale zinapokutana na kuwa kama sindano. Tumbo ni sehemu ya kati iliyonenepa kidogo, na ndilo ghala la rangi. Kitako ni mahali nywele zinapoingia ndani ya pete. Brashi ikigusa ubao, rangi hushuka kutoka tumboni hadi kwenye ncha kwa kupita katika nafasi nyembamba zilizo kati ya nywele, kwa kanuni ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Brashi isiyo na tumbo haina pa kuweka rangi. Mstari wake hukatika baada ya sentimita chache, na rangi hukauka nchani kabla mchoraji hajaufikisha mkono ubaoni. Hiyo ndiyo sababu brashi ndogo mno huchosha, hasa kwenye joto la pwani.

Pete hufunga nywele na kuziunganisha na mpini. Ndani yake kuna gundi inayoshika vitako vya nywele, na kwa nje hubanwa kwenye mpini kwa mikunjo miwili au zaidi. Zamani nywele zilifungwa ndani ya shina la unyoya wa ndege, na ukubwa wa brashi ulitegemea ndege mwenyewe. Pete za bati zilienea katika karne ya 19, na ndizo zilizowezesha kutengeneza brashi bapa, kwa kuwa bati hubonyezeka lakini shina la unyoya ni duara tu.

Mpini kwa kawaida ni wa mti uliopakwa vanishi. Mrefu humfaa anayesimama mbele ya picha kubwa. Mfupi humfaa anayeweka ubao mezani au mapajani na kuinamia kazi yake. Mpini ukilowekwa majini mti huvimba, vanishi hupasuka, na ukikauka tena hunywea na pete huanza kucheza.

Namba za ukubwa

Brashi za mviringo huandikwa namba. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo brashi inavyonenepa: 1, 2, 3 na kuendelea. Chini ya 1 ipo 0, kisha sifuri huongezeka kadiri brashi inavyopungua: 00, 000, na kadhalika. Watengenezaji wengi hufupisha kwa kuandika 2/0, 3/0, mpaka 10/0 na zaidi.

Namba hizi hazina kipimo kimoja cha dunia nzima. Namba 1 ya kiwanda kimoja inaweza kulingana na namba 0 au 2 ya kingine. Anayeagiza brashi kwa mtu anayetoka safari afadhali ataje jina la kiwanda na aina ya brashi pamoja na namba, la sivyo ataletewa kitu kingine.

Kwa kazi nyingi ndogo brashi tatu zinatosha: namba 2 au 3 ya kujazia sehemu za ndani, namba 1 au 0 ya mistari na nukta, na moja kuukuu ya kuchanganyia rangi. Seti za brashi kumi na mbili kwa bei ya chini huvutia macho, lakini mara nyingi ndani yake hupatikana mbili tu zinazofunga ncha. Mwenye fedha kidogo atafanya vyema kununua moja nzuri kuliko kumi na mbili za kutupa.

Nywele za wanyama

Nywele zinazosifiwa kuliko zote kwa kazi ndogo hutoka mkiani mwa kicheche wa Siberia (Mustela sibirica). Katika biashara huitwa kolinsky. Unywele wake ni mnene katikati na mwembamba nchani, hivyo nywele nyingi zikikusanywa hufanya tumbo na ncha zenyewe bila kukatwa kwa mkasi. Pia hurudi mahali pake kila zikibonyezwa. Brashi mashuhuri ya aina hii ni Series 7 ya kampuni ya Winsor & Newton, iliyoanzishwa London mwaka 1832. Kampuni hiyo husimulia kwamba mwaka 1866 Malkia Victoria aliagiza brashi bora kabisa za rangi za maji katika ukubwa alioupenda, namba 7, na jina likatokana na hapo. Kicheche huyu ameorodheshwa katika Nyongeza ya III ya mkataba wa CITES kwa ombi la Uhindi, na kwa sababu hiyo brashi hizi wakati mwingine huhitaji karatasi za kibali zinapovuka mipaka.

Nywele za kindi ni laini zaidi na hunywa rangi nyingi, ila hazirudi mahali pake kwa nguvu. Zina historia ndefu. Mchoraji Mwitalia Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha ufundi wa uchoraji karibu na mwaka 1400, alieleza jinsi ya kufunga nywele za mkia wa kindi ndani ya unyoya. Huko Uhindi, wachoraji wa picha ndogo wa enzi ya Wamughal walitumia nywele za kindi kuchora ndevu na vilemba kwa usahihi wa kushangaza. Kuhusu picha hizo hurudiwa hadithi kwamba zilichorwa kwa brashi ya unywele mmoja. Unywele mmoja hauwezi kubeba rangi. Brashi zao zilikuwa na nywele nyingi zilizoishia kwenye ncha nyembamba kama unywele mmoja, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Nywele za nguchiro ni ngumu kiasi na zilitumika sana Uhindi, lakini biashara yake sasa ni kosa chini ya sheria ya nchi hiyo ya kulinda wanyamapori. Brashi zinazoitwa "za ngamia" hazina nywele za ngamia. Jina ni la kibiashara tu, na ndani yake huwa kuna nywele za kindi, farasi, mbuzi au mchanganyiko.

Singa za nguruwe ni ngumu, na ncha zake zimegawanyika. Hutumika katika brashi za kupakia kuta na katika brashi nene za rangi ya mafuta. Kwa kazi ndogo hazifai, kwa kuwa hazifungi ncha. Hata hivyo yafaa kuzijua, kwa maana Waislamu wengi wa pwani hawapendi kuzishika, na brashi nyingi huuzwa bila kuandikwa zimetengenezwa kwa nini. Nchini Malaysia jambo hili lilifikia hatua ya maofisa wa serikali kukamata brashi zisizo na alama madukani mwaka 2017. Njia rahisi ya kutambua ni kung'oa uzi mmoja na kuuchoma. Singa ya mnyama yeyote hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki majivu yanayosagika. Nailoni huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Jaribio hili hutenganisha mnyama na plastiki, lakini halimtaji mnyama mwenyewe. Anayetaka uhakika achague nailoni.

Nyuzi za viwandani

Nailoni ilibuniwa katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1935, na matumizi yake ya kwanza sokoni yalikuwa kwenye miswaki, mwaka 1938. Baadaye ikaingia kwenye brashi za kuchorea. Siku hizi brashi nyingi zinazouzwa Tanzania katika maduka ya vifaa vya shule ni za nailoni au poliesta, mara nyingi za rangi ya dhahabu au nyeupe.

Faida zake ni nafuu, uimara, na kutoliwa na wadudu. Zinavumilia rangi za akriliki na rangi za mafuta kuliko nywele za wanyama. Kasoro yake kubwa ni kwamba ncha hujikunja. Baada ya wiki kadhaa za kazi, uzi wa mwisho hupinda kama ndoana ndogo, na mchoraji huona mstari ukienda asikokusudia. Nyuzi hizi pia hubeba rangi kidogo kuliko nywele, kwa kuwa uso wake ni laini, ilhali unywele wa mnyama una magamba madogo yanayoshika unyevu.

Tingatinga na rangi ya mafuta

Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora na kuuza picha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, eneo la Oysterbay na Msasani. Alitumia vifaa vilivyopatikana kwa urahisi: mbao za hadibodi na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia nyumba na baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga.

Mtindo huu unaeleza vizuri matumizi ya brashi. Kwanza usuli wote hupakwa kwa brashi pana na kuachwa ukauke. Kisha maumbo makubwa, yaani tembo, mbuyu au kundi la ndege, hujazwa kwa brashi ya kati. Mwisho huja kazi ya brashi ndogo: mistari ya manyoya, kope, madoa, na safu za nukta zinazojaza mwili wa mnyama. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayochukua muda mwingi, na mnunuzi huitazama kwanza bila kujijua. Nukta zikipishana ukubwa ovyo, picha huonekana ya haraka hata kama umbo ni zuri.

Picha za awali zilikuwa za kipimo cha wastani. Ubao wa hadibodi wa futi 4 kwa futi 8 ukikatwa vipande vya futi 2 kwa futi 2 hutoa vipande 8 bila mabaki. Siku hizi wachoraji wengi hutumia pia turubai, na kuna vipande vidogo mno vya kutosha kiganja, sinia, sahani na visanduku. Mtalii anayeondoka kwa ndege hununua kwa urahisi kitu kinachoingia mkobani. Kadiri picha inavyopungua ukubwa, brashi ndogo hufanya sehemu kubwa zaidi ya kazi, na brashi mbovu huonekana upesi zaidi. Kwa mchoraji wa Bagamoyo au Mwenge anayeishi kwa kuuza vipande hivyo, ncha iliyochanua ni hasara ya siku hiyohiyo.

Rangi hii ya mafuta ina tabia zake. Ni nzito, na baada ya kupakwa hujisawazisha yenyewe, hivyo alama za brashi hupotea na uso hung'aa. Ikiongezwa kiyeyusho kingi, mstari hutapakaa na nukta hugeuka doa. Ikiachwa nzito mno, hukokota na kuvuta nyuzi kama asali. Brashi inayofaa ni yenye ugumu wa kiasi, inayoweza kuusukuma uzito huo na bado kurudi kwenye ncha. Nailoni nzuri hufanya kazi hii. Kununua kolinsky kwa ajili ya rangi ya mafuta ya nyumba ni kutupa fedha, kwani viyeyusho vikali huondoa mafuta ya asili ya unywele, ukawa mkavu na kukatika. Brashi ya namna hiyo ibaki kwa rangi za maji.

Kwa wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na kwa shule za sekondari zinazofundisha sanaa, rangi ya akriliki au ya maji hurahisisha mambo. Husafishwa kwa maji na haina harufu ya kuumiza kichwa. Ila akriliki ina hila moja: hukauka kwa dakika chache, na ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Mwanafunzi akiweka brashi mezani na kwenda kunywa chai, akirudi atakuta kijiti.

Kuchagua dukani

Brashi mpya karibu zote huonekana na ncha kali, kwa sababu kiwandani huchovywa kwenye gundi laini ili nywele zisivurugike njiani. Kwa hiyo sura ya brashi ikiwa kavu kwenye kifuniko haielezi lolote. Mnunuzi aombe maji kidogo. Mwenye duka asiyeruhusu ana sababu yake.

Brashi ichovywe majini na kuzungushwa taratibu mpaka gundi iyeyuke, kisha ikung'utwe kwa mtikiso mmoja wa kiwiko. Brashi nzuri hujifunga yenyewe na kuwa ncha moja. Ikitoa ncha mbili, au ikiacha unywele mmoja pembeni, iachwe. Kisha ibonyezwe kidogo juu ya ukucha uliolowa na kuinuliwa. Nywele zirudi wima, zisibaki zimelala upande.

Baada ya hapo hutazamwa pete. Isiwe na mpasuko kwa urefu wake, kwani maji na rangi hupenya hapo. Mpini ushikwe kwa mkono mmoja na pete kwa mwingine. Vikicheza, gundi ni dhaifu au mti umekauka vibaya. Nywele zikivutwa polepole zisitoke zaidi ya moja au mbili. Ncha itazamwe kwenye mwanga: ikionekana imekatwa sawasawa kama kwa mkasi, brashi hiyo haitafunga ncha kamwe, hata ikitunzwa kama yai.

Kutumia bila kuharibu

Uharibifu mwingi hutokea wakati wa kazi, kabla hata ya kufikia kuosha. Kosa kubwa ni kuchovya brashi mpaka kwenye pete. Rangi ikiingia ndani ya pete hukauka kati ya vitako vya nywele na kuvisukuma nje, na kadiri inavyojikusanya, nywele hutanuka kama mwavuli. Hapo ncha haifungi tena. Rangi isipande zaidi ya nusu ya urefu wa nywele, na theluthi moja ni bora zaidi.

Kosa la pili ni kuisimamisha brashi kichwa chini ndani ya kopo la maji au mafuta ya taa. Uzito wa mpini hukunja ncha kwa dakika chache tu, na nailoni ikikunjwa hivyo hukariri. Brashi inayongoja zamu yake ilazwe, nywele zikining'inia nje ya ukingo wa meza.

Kuchanganya rangi kwa brashi ya kuchorea pia huivunja, maana huko nywele husukumwa kila upande. Ile kuukuu ndiyo ya kazi hiyo, au kijiti cha kiberiti. Kabla ya kugusa picha, brashi izungushwe huku ikivutwa kwenye kipande cha bati au sahani. Rangi ya ziada hubaki pale na ncha hujifunga. Kila baada ya dakika chache isuuzwe hata kama rangi haibadilishwi.

Kuosha

Kwa rangi ya mafuta, kwanza rangi ifutwe kwa tambara, ikivutwa kutoka kwenye pete kuelekea ncha, kamwe si kinyume. Kisha husuuzwa katika makopo mawili ya kiyeyusho. La kwanza hubeba uchafu mwingi, la pili hubaki karibu safi. Tapentaini au kiyeyusho cheupe cha madukani husafisha vizuri. Mafuta ya taa ni rahisi kupatikana na yanafanya kazi, ila huacha utelezi unaochelewesha rangi ya kesho kukauka, hivyo lazima yafuatwe na sabuni. Thina ya rangi za magari ni kali kupita kiasi. Huweza kulainisha gundi ndani ya pete na kuangusha nywele zote. Petroli isitumike kabisa, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya mvuke wake.

Kiyeyusho kichafu hakihitaji kumwagwa. Kikiachwa usiku kucha, chembe za rangi hutuama chini, na asubuhi yale maji masafi ya juu humiminwa kwenye kopo jingine na kutumika tena. Tope linalobaki likaushwe na kutupwa kwenye taka, mbali na kisima na mfereji.

Baada ya kiyeyusho hufuata sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu. Brashi husuguliwa polepole kwenye kiganja kilichopakwa sabuni, kwa mizunguko midogo, mpaka povu litoke jeupe. Vidole vibonyeze karibu na pete, maana rangi iliyojificha iko hapo. Povu likiwa na rangi hata kidogo, kazi haijaisha. Mwishoni ncha hufinyangwa kwa vidole vyenye sabuni kidogo, na sabuni hiyo huachwa ikaukie hapo ili kuishika. Kesho huoshwa kabla ya kazi.

Brashi iliyolowa ilazwe, au ining'inizwe nywele zikiwa chini bila kugusa kitu. Ikisimamishwa kwenye kikombe wakati ingali mbichi, maji huteremka ndani ya pete, yakavimbisha mti na kudhoofisha gundi. Ikishakauka ndipo isimamishwe, nywele juu.

Mchoraji anayepumzika usiku mmoja tu anaweza kuifuta brashi ya rangi ya mafuta, kuisuuza, kisha kuipaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hayagandi kuwa ngozi kama ya kitani, hivyo hulinda nywele zisikauke. Lakini yakibaki hata tone, rangi mpya itakataa kukauka. Asubuhi yatolewe yote kwa kiyeyusho na sabuni.

Hali ya pwani

Unyevu wa pwani kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kuendelea kaskazini hukuza ukungu kwenye nywele za wanyama, hasa brashi ikifungiwa ndani ya mfuko wa nailoni ikiwa haijakauka. Kile kifuniko cha plastiki kinachokuja na brashi mpya hulinda ncha safarini, lakini kikirudishwa juu ya nywele mbichi kinafuga ukungu, na kikirudishwa kwa haraka hukunja nywele za pembeni. Afadhali kitupwe.

Nondo wa nguo na wadudu wengine wanaokula sufu hula pia nywele za brashi. Kopo lenye kifuniko na kipande cha kafuri hutosha kuwazuia. Nailoni hawaigusi.

Bara kidogo, adui ni vumbi. Vigwaza iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, na malori hayakatiki mchana wala usiku. Vumbi la kandokando ya barabara kama ile hutua kwenye rangi mbichi na kwenye brashi zilizosimama wazi, na punje moja ikikaa kati ya nywele huigawa ncha mara mbili. Brashi zifunikwe kwa kitambaa zinapopumzika, na zisuuzwe kabla ya kuanza hata kama ziliwekwa safi.

Brashi iliyoharibika

Ncha ya nailoni iliyopinda hunyooka ikichovywa kwa sekunde chache kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, kisha kufinyangwa na kuachwa ipoe. Maji yasifike kwenye pete, kwani joto hulegeza gundi. Dawa hii hairudishi upya wa kwanza, na kila mara hudumu muda mfupi zaidi.

Unywele mmoja uliochomoza pembeni ukatwe kwa wembe karibu na pete. Using'olewe, maana huweza kulegeza wenzake. Ncha yenyewe isikatwe kwa mkasi hata siku moja.

Rangi ya mafuta iliyokauka kwenye nywele wakati mwingine hulainika ikilowekwa kwenye kiyeyusho kwa saa kadhaa, nywele zikining'inia bila kugusa chini. Ikiwa imekauka ndani ya pete, matumaini ni madogo.

Usalama

Wachoraji wengi huilamba brashi ili kuifunga ncha. Mate hufanya kazi hiyo vizuri kweli, na ndiyo sababu desturi hii haiishi. Hatari yake ilidhihirika huko Orange, New Jersey, Marekani, ambako kuanzia mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi yenye radi inayong'aa gizani. Walifundishwa kunoa ncha ya brashi kwa midomo kabla ya kila namba. Wengi walioza mifupa ya taya na wengine walikufa. Wafanyakazi watano waliishtaki kampuni ya United States Radium, na kesi ikamalizika kwa maafikiano mwaka 1928.

Rangi za leo hazina radi, lakini baadhi zina risasi. Uchunguzi wa shirika la AGENDA la Dar es Salaam pamoja na mtandao wa kimataifa wa IPEN ulikuta risasi nyingi katika baadhi ya rangi za mafuta za nyumba zilizokuwa zikiuzwa Tanzania. Risasi hudhuru ubongo, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Ncha ifungwe kwa vidole na maji, au kwa kuizungusha kwenye sahani. Walimu wa sanaa wawe wakali kidogo hapa, kwa sababu mtoto aliyezoea kulamba brashi ya rangi ya maji atailamba pia ile ya mafuta.

Kiyeyusho kisihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mafuta ya taa yanayonywewa na watoto kwa namna hiyo huingia mapafuni, na mtoto aliyeyanywa asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja. Kazi ifanyike barazani au penye dirisha. Matambara yenye rangi ya mafuta yatandazwe yakauke, yasirundikwe pembeni mwa chumba, kwani yanapokauka hutoa joto na rundo huweza kushika moto lenyewe.

Matumizi ya brashi kuukuu

Brashi iliyopoteza ncha hushushwa cheo: kuchanganyia rangi, kupaka gundi, kufuta vumbi kwenye uchongaji, au kupaka kwa ukavu, yaani kugusa rangi kidogo, kuifuta karibu yote, kisha kupitisha brashi juu ya sehemu zilizoinuka ili zing'ae. Kazi hii ya mwisho huua nywele haraka, hivyo brashi mpya haistahili.

Mpini wake nao una kazi. Ukichongwa na kulainishwa kwa msasa, ncha yake ya mti huchovywa kwenye rangi na kugongwa ubaoni, na hutoa nukta za duara zinazolingana zaidi kuliko zile za brashi. Mipini mitatu ya unene tofauti hutoa nukta za ukubwa tatu. Rangi huchovywa upya kila baada ya nukta mbili au tatu, kwa kuwa kila mgongo mmoja hupunguza ukubwa wa nukta inayofuata.